Ziara ya Nyayo za Ronald Ngala, Mombasa hadi Kaloleni: je, inafaa kuwapeleka wanafunzi?

Walimu wenzangu wa historia wamekuwa wakinipigia simu kuniuliza kama ile ziara ya gari inayofuata nyayo za Ronald Ngala, mwanasiasa wa Pwani wa enzi za kupigania uhuru wa Kenya, inastahili pesa zake. Nimeenda, na jibu langu ni ndiyo, tena ndiyo kubwa kwa upande wa asubuhi. Sijawahi kuona siasa za miaka ya mwisho ya ukoloni zikifundishwa vizuri hivyo nje ya darasa. Alasiri yake ina pengo la miaka minane, na nitalisema pengo hilo kwa kirefu kwa sababu nampenda Ngala na nataka watoto wetu wamjue mzima, kuanzia mwalimu mpaka waziri.

Tumalize ya gari kwanza. Wanaoendesha ziara ni kikundi kidogo cha vijana wa Mombasa. Ofisi hawana, unawapigia, unalipa kwa M-Pesa, wanakutumia ujumbe wa mahali pa kukutania. Mtu mzima hulipa shilingi 2,500, mwanafunzi aliyevaa sare 1,000, na mwalimu mmoja huenda bure kwa kila wanafunzi kumi. Tulipewa nissan ya abiria 14, viti vizima na mikanda inayofunga. Dereva ni mtu mzima, mtulivu, hakukimbiza hata pale barabara ilipokuwa tupu. Chai ya asubuhi imo ndani ya bei, na ni chai kweli: mahamri ya moto kwa mbaazi za nazi. Nilikwenda na walimu wawili wa shule jirani tupime wenyewe kabla ya kuwapeleka watoto wa chama cha historia. Ndani ya gari kulikuwa pia na mama kutoka Voi na wanawe, pamoja na mzee mmoja mstaafu wa bandari ambaye maswali yake yalitufaa sote.

Tulianzia Buxton, kisiwani Mombasa. Mahali pazuri pa kuanzia, kwani wengi wetu tukimtaja Ngala tunarukia chama chake cha KADU na majimbo, yaani mikoa yenye serikali zake, kama kwamba alizaliwa akiwa rais wa chama. Kiongozi wetu, kijana wa Kirabai mwenye sauti ya kuhubiri, alianza na chaki. Ngala alizaliwa 1923 katika nchi ya Wagiriama. Alisoma shule ya misheni ya St. John's, Kaloleni, akaenda Alliance kule Kikuyu, kisha Makerere akachukua stashahada ya ualimu. Aliporudi Pwani alifundisha, na Buxton alikuwa miongoni mwa walimu wakuu wake. Siasa zilimkuta akiwa na daftari la mahudhurio mkononi.

"Mwalimu," kijana akanigeukia, "miaka ile kijijini, barua ya DC ikifika, nani aliisoma?"

Nikamjibu: mwalimu, karani, au mhubiri.

"Basi shikilieni hapo," akasema, "twende Tononoka."

Hapo ndipo ziara ilipolipa gharama yake yote. Tononoka ni uwanja uliosikia hotuba nyingi za siasa za Mombasa, na chini ya kivuli cha mti kijana alitoa kadi za manila akatugawia bila kutuangalia usoni. Kila kadi ina mtu: umri wake, kazi yake, alisoma mpaka wapi, anapata kiasi gani kwa mwaka, ana mali gani. Kisha akatusomea masharti ya uchaguzi wa Machi 1957, ule wa kwanza Waafrika wa Kenya kuwachagua wenyewe wajumbe wao wa LegCo, baraza la kutunga sheria la kikoloni. Elimu ilikuwa na uzito wake, kipato na mali vivyo hivyo, na utumishi wa muda mrefu pia. Mwenye sifa moja alipata kura moja, na mwenye sifa nyingi aliweza kufikisha kura tatu. Asiye na sifa hata moja alikaa nyumbani. Kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru kulikuwa na sharti la ziada: cheti cha utiifu kwa serikali, kwa sababu ya vita vya Mau Mau.

Mzee wa bandari alikuwa na kadi ya karani wa kampuni ya meli. Kura tatu. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya kati, nikapata mbili. Mama wa Voi kadi yake ilisema mkulima wa mahindi, watoto sita, hakuingia shule. Aliigeuza upande wa pili kutafuta kama kuna maandishi mengine. Hayakuwapo. Binti yake wa kidato cha kwanza akamwuliza kiongozi, "Kwa hivyo mamangu hahesabiki?" Kijana hakuharakisha kumjibu. Alituacha tuangaliane, halafu akasema kwamba hivyo ndivyo watu wengi wa Pwani walivyoishi siku ile, na kwamba waliopata karatasi ya kura walikuwa ndio wale wasoma barua za DC.

Unaelewa basi kwa nini mwalimu Mgiriama alishinda kiti cha Pwani. Walimfahamu, na wengi wao walikuwa watu wa kazi kama yake. Wajumbe waliochaguliwa mwaka huo walikuwa wanane: Tom Mboya wa Nairobi, Oginga Odinga na Lawrence Oguda wa Nyanza, Masinde Muliro wa Nyanza ya Kaskazini, Daniel arap Moi wa Bonde la Ufa, Bernard Mate wa Kati, James Muimi wa Ukambani, na Ngala wetu. Nimefundisha orodha hiyo miaka mingi, watoto wakaikariri na kuisahau. Kwa kadi zile sidhani wataisahau.

Kutoka kisiwani tulipita Changamwe na Miritini mpaka Mazeras, tukakata kwenda Rabai. Hadithi ya Lancaster House, mikutano ya London ya kutafuta katiba ya uhuru, aliisimulia garini kwa kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma, na waliokaa nyuma walikosa nusu yake. Wanunue kingine, au wasimamishe gari wasimulie pembeni. Ni hadithi isiyofaa kupotea. Mkutano wa kwanza ulifanyika London Januari na Februari 1960, na kiongozi wa ujumbe wa Waafrika alikuwa Ngala, Mboya akiwa katibu. Odinga na Mboya walikuwa hawaivi chungu kimoja, na mtu waliyeweza wote kumkubali kama mkubwa wa ujumbe alikuwa huyu mwalimu mpole wa Pwani. Wanafunzi wangu humjua kama mtu wa kabila dogo aliyeogopa makabila makubwa. Mwaka huo, mbele ya Waingereza, alikuwa sauti ya Waafrika wote wa Kenya.

Miezi michache tu mambo yakageuka. Mwezi Mei 1960 chama cha KANU kiliundwa Kiambu, na Ngala akatajwa mweka hazina hali hayupo, Moi naibu wake. Wote wawili walikataa. Juni mwaka huo wakakutana Ngong na wenzao, KADU ikazaliwa: Ngala rais, Muliro naibu wake, Moi mwenyekiti, Martin Shikuku katibu. Kijana hakuficha kwamba chama hicho kilipata pia msaada wa walowezi wa Kizungu waliokuwa wakitafuta pa kushika baada ya kuona uhuru unakuja. Nilimheshimu kwa hilo. Ni rahisi mtu akifanya ziara ya shujaa wa kwao kuyaruka mambo kama hayo.

Alieleza vizuri pia 1961. Uchaguzi wa Februari KANU ilipata viti 19, KADU 11, lakini KANU ikagoma kuunda serikali mpaka Jomo Kenyatta aachiwe kutoka kizuizini. Gavana Patrick Renison akamgeukia Ngala, naye akakubali, akiungwa mkono na kundi la mlowezi Michael Blundell na wajumbe wa kuteuliwa, akawa kiongozi wa shughuli za serikali bungeni. Mzee wa bandari akauliza swali ambalo mimi huulizwa kila mwaka: huo si usaliti? Kijana akasema tutazame kilichofuata. Agosti 1961 Kenyatta aliachiwa, Ngala akiwa ndani ya serikali hiyo hiyo. Mimi naongeza hili kwa hiari yangu: kukubali madaraka ukiwa na wachache, huku umati unakuzomea, kunahitaji kifua. Unaweza kusema alikosea, lakini mwoga hakuwa.

Rabai tulikaa chini ya mwembe, si mbali na misheni ya mmisionari Krapf ya 1846. Kijana akakunjua turubai chini. Juu yake ameshona ramani ya majimbo kwa vipande vya leso, vyote saba: Pwani nyekundu, Mashariki, Kati, Bonde la Ufa, Nyanza, Magharibi, na Kaskazini Mashariki kipande kikubwa cha rangi ya mchanga. Nairobi ni duara dogo jeusi katikati, eneo la peke yake. Leso ya Pwani bado ina pindo lake, na ukiinama karibu unaona mishono ya mkono, mirefu na isiyolingana; aliniambia mamake ndiye aliyeshona. Alitusimamisha kila mmoja kwenye jimbo, akaanza kutugawia vijiti: polisi, shule, ardhi, serikali za mitaa. "Kijiti hiki nani anakishika, jimbo au Nairobi?" Tulibishana mpaka jasho likatutoka. Ndivyo walivyobishana wenyewe London mwaka 1962, kwenye mkutano wa pili wa Lancaster, kabla ya kuunda serikali ya mseto ambamo Ngala na Kenyatta wote walikuwa mawaziri wa nchi walioshughulikia katiba.

Hapo Rabai ndipo alipofafanua pia Mwambao, jambo ambalo vitabu vya shule hulipitia kwa mstari mmoja. Ukanda wa maili kumi wa Pwani ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, Uingereza ikiusimamia kwa mkataba wa 1895. Uhuru ulipokaribia, baadhi ya watu wa mji walitaka ukanda huo ujitenge au urudi kwa Sultani. Sir James Robertson alitumwa 1961 kuchunguza, akapendekeza uunganishwe na Kenya, na Oktoba 1963 Kenyatta na Muhammad Shamte wa Zanzibar wakakubaliana hivyo. Ngala alikuwa na vita pande mbili. Kwa watu wa Mwambao alisema hapana, Pwani ni moja, bara yake na bahari yake, na imo ndani ya Kenya. Kwa Nairobi alisema Pwani hiyo moja ijiendeshee mambo yake. Kijana alisimama juu ya ile leso nyekundu, mguu mmoja ufukweni na mwingine bara, akasema, "Hapa ndipo mzee aliposimama." Kwa mara ya kwanza nikaona jinsi ya kulieleza jambo hili bila kuandika ubaoni.

Kifo cha majimbo alikisimulia kwa haki. KANU ilishinda uchaguzi wa Mei 1963. KADU ilibaki na nguvu katika mabaraza ya majimbo ya Pwani, Bonde la Ufa na Magharibi, Ngala akawa kiongozi wa upinzani. Lakini serikali ya Nairobi ilishika mkoba, mabaraza yakanyimwa fedha na madaraka yaliyoandikwa kwenye katiba, na wabunge wa KADU wakaanza kuvuka mmoja mmoja. Kenyatta akatishia kura ya maoni. Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alisimama bungeni akatangaza KADU imevunjwa. Majimbo yakawa mikoa, na baadaye hata Seneti ikafutwa. Bango la kijana liliandika kuvunjwa kwa KADU mwaka 1963. Nilimwonyesha, akatoa kalamu akasahihisha pale pale mbele yetu. Mtu anayekubali kusahihishwa hivyo nitampa darasa langu bila wasiwasi.

Chakula cha mchana tulikila Kaloleni, na kilichelewa. Watoto wa Voi walikuwa wameanza kununiana. Waandaaji wawaambie wapishi saa halisi ya kufika, si saa wanayotamani kufika. Kilipokuja kilikuwa kitamu: sima laini, mchunga uliopikwa kwa nazi mpaka uchungu umebaki kidogo tu mwishoni mwa ulimi, na samaki wa kukaanga mkavu. Asiyekula mchunga aliwekewa wali na maharagwe.

Baada ya kula alikuja mzee mmoja wa hapo hapo aliyewahi kuwa katibu wa chama cha ushirika, anayemkumbuka Ngala kwa macho yake. Alileta daftari la wanachama limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Safu zake zimechorwa kwa rula: jina, hisa, kilo, shilingi, sahihi. Kwenye safu ya sahihi ukurasa mzima ni alama za vidole gumba kwa wino wa zambarau, nyingine nzito zimejaa, nyingine zimepauka kama mtu aliogopa kubonyeza. Hapa na pale katikati yake kuna jina lililoandikwa kwa herufi kubwa, polepole, na mtu aliyejifunza ukubwani. Niliweka kidole juu ya mojawapo. Mzee akasema, "Huyu alianza kwa dole. Mwaka wa pili akasaini."

Nilitaka kumwuliza mengi. Nani aliwafundisha kuandika? Afisa wa ushirika alikuja mara ngapi? Walilipwa kwa wakati? Waziri aliwahi kufika? Mzee alikuwa tayari, amekaa sawasawa kwenye kiti na daftari magotini. Lakini kijana aliangalia saa, akamshukuru, akatuita chini ya mti mwingine. Ilikuwa zamu ya nyuki.

Mnajua habari ya nyuki. Desemba 1972 gari la Ngala lilipata ajali karibu na Konza, kwenye barabara ya Nairobi na Mombasa. Dereva alisema nyuki waliingia garini. Ngala alifariki siku ya Krismasi, hajatimiza miaka 50. Hapa Pwani nyuki hao hawajawahi kuaminiwa, na hilo nalielewa. Hata mimi nililelewa na minong'ono hiyo. Lakini karibu saa nzima ya ziara ilikwenda hapo: nani alikuwa anamwogopa, nani alinufaika, dereva alikuwa nani, nyuki wa aina gani. Watoto walisisimka, bila shaka. Walitoka na nini? Kutoka 10 Novemba 1964 mpaka Desemba 1972, miaka minane, kijana alitumia sentensi tatu: akajiunga na KANU, akapewa uwaziri, akafa.

Hapo ndipo siwezi kukubaliana naye, na nilimwambia kwa upole tulipokuwa tukirudi garini. Ile miaka minane ndiyo inayomhusu kila kiongozi wa mkoa au wa kaunti aliyeshindwa jambo lake kubwa kisha akalazimika kuamka kesho yake na kufanya kazi. Wanafunzi wetu wanahitaji kuiona hiyo. Mwaka 1966, baada ya mkutano wa KANU wa Limuru uliomtoa Odinga kwenye umakamu wa rais wa chama, Ngala aliingia baraza la mawaziri kushika Ushirika na Huduma za Jamii. Wengi huiona kama wizara ya kumtuliza mtu. Lakini hebu tazama kilichofanyika humo. Sheria ya Vyama vya Ushirika ilipitishwa mwaka huo huo wa 1966, ikampa kamishna wa ushirika meno ya kukagua vitabu na kuwabana viongozi wanaokula pesa za wanachama. Benki ya Ushirika, iliyosajiliwa 1965, ilifungua milango 1968. Nchi za Nordiki zilianza mradi wao wa kufundisha maofisa na makatibu wa ushirika 1967. Mkulima mdogo, yule yule asiye na kura pale Tononoka, sasa alikuwa na hisa, nambari ya uanachama, na haki ya kusimama kwenye mkutano mkuu akauliza hesabu.

Sisemi Ngala ndiye aliyeyafanya yote hayo peke yake. Waziri anakuta mambo njiani na anaacha mengine njiani. Ninachosema ni kwamba daftari la yule mzee, na madole yale yanayogeuka sahihi, ni la wakati huo, na lilikuwa mbele yetu, na tuliambiwa tulifunge twende kwenye nyuki.

Kuna pia upande mgumu wa miaka ile na nao unafaa kufundishwa. Ngala wa KANU hakuwa na Pwani mfukoni. Mombasa ilikuwa na kambi nyingine ya chama iliyoongozwa na Msanifu Kombo, na wawili hao walivutana miaka mingi, mpaka Nairobi ikawa ndiyo mwamuzi wa ugomvi wa Pwani. Mtu aliyepigania jimbo lijiamulie mambo yake akajikuta anahitaji kibali cha katikati ili aendelee kuwa kiongozi wa jimbo. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kulielewa hilo ukimwonyesha. Linasikitisha, na lina mafunzo mengi kuliko nyuki.

Halafu baada ya uchaguzi wa 1969 alihamishiwa Nguvu za Umeme na Mawasiliano, na Ushirika ukaenda kwa Muliro, naibu wake wa zamani KADU. Hapo ningependa kijana asimamishe gari mahali wanapoona reli, Mazeras kwa mfano, awaulize watoto: waziri wa mawasiliano wa Kenya alikuwa na amri gani juu ya treni hii? Kwa mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1967, reli ilikuwa ya shirika la Jumuiya lenye makao Nairobi, bandari ya Mombasa ilisimamiwa na shirika lenye makao Dar es Salaam, posta na simu Kampala. Mpwani amekuwa waziri wa mawasiliano, na bandari ya nyumbani kwake inaendeshwa kutoka Dar. Kwa umeme alikuwa na nafasi zaidi: bwawa la umeme la Kindaruma lilikuwa limeanza kuzalisha 1968 kule Mto Tana, na la Kamburu likafuata kujengwa. Mzee wa bandari, aliyeanza kazi kijana kabisa siku za Jumuiya, aliyajua mambo haya kwa undani kuliko sisi wote. Alijaribu kuyataja, na hakupewa nafasi.

Kijana alinisikiliza mpaka Mazeras. Hakunikatiza. Aliniambia jambo la kweli: watu wanalipa kwa ajili ya nyuki. Wakipiga simu, swali la kwanza ni kama ziara inaeleza nani alimuua Ngala. Nikamwambia aibakize, ila iwe fupi, na aseme waziwazi kipi kilisemwa na dereva na kipi ni maneno ya watu. Akikitenganisha hicho atakuwa amewafundisha watoto kazi yenyewe ya historia. Nafasi itakayopatikana ampe mzee wa daftari. Nimemtumia kurasa zangu za maandalizi kuhusu miaka ya ushirika, na amejibu kwamba ataandaa kadi nyingine, za wanachama safari hii.

Sehemu aliyounganisha majimbo na ugatuzi wa katiba ya 2010 ni nzuri na fupi: kaunti 47, Seneti kurudi, mgao wa kaunti usiopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Aliuliza kama Ngala angefurahi, akaacha kila mtu ajibu. Mama wa Voi alisema angefurahi kisha angeuliza pesa za zahanati ziko wapi. Watu walicheka na kumpigia makofi, na sikuona haja ya kuongeza neno.

Kwa walimu wanaotaka kwenda: nendeni siku ya wiki, kwa sababu Jumamosi Kaloleni kuna msongamano na kipaza sauti kile hakitawasaidia. Beba kofia na maji ya ziada, kwani ramani ya leso huwekwa nje na jua la Rabai la saa tano si la mchezo. Choo cha mahali pa chakula ni safi lakini ni kimoja, hivyo wenye darasa kubwa waombe kituo kingine njiani. Wanafunzi wasome kwanza habari za uchaguzi wa 1957 na wa 1961, maana kijana huenda haraka. Mnapolipa, ombeni mambo mawili kwa maandishi: mzee wa ushirika awepo, na apewe muda usiopungua nusu saa. Mimi nimeshalipia darasa langu muhula wa pili, na nimeahidiwa yote mawili.